Wizara Mbili, Mzigo Mmoja

Leo nataka tuongee habari za kuni, punda, mtungi wa gesi na treni ya umeme, vyote kwa mkupuo mmoja. Najua wapo watakaosema mambo hayo hayakai kwenye chungu kimoja. Vumilieni, mtaona ninakoelekea.

Ukitoka katikati ya jiji kwa barabara ya Dar es Salaam, kilomita kama 17, unaingia Mji wa Serikali pale Mtumba. Wizara ya Nishati ina jengo lake. Uchukuzi ina lake. Ujenzi lake, Maji lake, Mifugo na Uvuvi lake, na tangu Januari 2022 tunayo Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, nayo ina lake. Kila jengo lina bajeti yake na vikao vyake, na siku ya kusoma makadirio bungeni kila waziri anasimama na hotuba yake. Hivyo ndivyo serikali zinavyofanya kazi duniani kote, sina ugomvi na hilo.

Sasa toka hapo Mtumba uende upande wowote utakao, Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Chemba. Ingia kijijini kabla jua halijachomoza umwangalie mwanamke anayeamka wa kwanza. Kazi yake ya asubuhi ni maji. Ya pili ni kuni. Siku ya kusaga kuna debe la mtama au uwele la kupeleka mashineni. Kwake nishati ni safari, na safari ni nishati. Kuni hizo ni umeme wake na gesi yake, na njia ya kuni ndiyo barabara anayoipita kuliko zote. Mtumba wanaona sekta mbili, yeye anaona mzigo mmoja, nao uko kichwani pake.

Jambo hili si geni, na hatukulisikia mara ya kwanza kwa wafadhili wa juzi. Mwaka 1985, kule Makete, nyanda za juu kusini, ulianza mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Wataalamu walikuwa na mawazo ya kawaida ya wataalamu wa usafiri: barabara, malori, mabasi. Kisha wakafanya jambo la busara, wakakaa na kaya na kuhesabu safari za watu. Wakakuta safari nyingi hazigusi barabara kabisa. Zilikuwa za kisimani, za kuni, za shambani, za mashine ya kusaga, na aliyekuwa njiani muda mwingi zaidi ni mwanamke. Mradi ukabidi ujipange upya: kutengeneza vijia, kujenga madaraja ya waenda kwa miguu, kuingiza punda, kuweka mashine za kusaga zinazoendeshwa kwa nguvu za maji. Yaani mradi wa usafiri ukawa unaleta mashine za kusaga. Kwenye makaratasi inachekesha, lakini mashine ikikaa karibu, safari ya saa mbili inafutika bila kumwaga hata gari moja la kokoto.

Makete ina mito na mvua. Sisi huku uwanda wa kati tuna makorongo ya mchanga na mvua za kuhesabu. Lakini hesabu ni ileile, tena kwetu ni kali zaidi kwa sababu umbali ni mkubwa.

Tuanze na punda, kwa kuwa punda anasahauliwa kuliko wote. Hana namba ya usajili, hana bima, hakati leseni, na kwa hiyo hayumo kwenye takwimu za vyombo vya usafiri. Lakini nenda kwenye kilula chochote cha maji Ugogoni, au kwenye korongo ambako watu wanachimba mchanga kutafuta maji wakati wa kiangazi, utamkuta. Madumu manne ya lita 20, mawili huku na mawili huku, yamefungwa kamba za katani au za mpira wa tairi, na gunia kuukuu limelazwa mgongoni yasimchubue. Hizo ni lita 80. Mwanamke kichwani anabeba dumu moja. Ukimwondoa punda nyumbani, mama na binti zake wanalipa kwa safari nne pale walipokuwa wanakwenda moja.

Na tulikaribia kumwondoa kweli. Kumbukeni miaka ile ilipofunguliwa machinjio ya punda hapa Dodoma na nyingine Shinyanga. Ngozi ilikuwa inakwenda China kutengenezea ejiao, dawa ya asili inayotokana na gelatini ya ngozi ya punda. Bei ya punda ikapanda, wizi wa punda ukashamiri. Mwaka 2017 Serikali ikazuia, machinjio yakafunguliwa tena, na Desemba 2022 ikapiga marufuku kwa miaka 10. Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa bara zima kwa miaka 15. Mimi naona uamuzi huo ni mmoja wa maamuzi makubwa ya usafiri wa vijijini tuliyoyapata miaka hii, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Amri ya hapa nyumbani ilitoka kwenye sekta ya mifugo, kwa kuwa kisheria punda ni mnyama. Ni sawa, ni mnyama. Lakini kwa mama wa Chamwino ni lori.

Hapo kuna jambo la ndani ya nyumba ambalo marufuku haiwezi kuligusa. Mara nyingi mwenye punda ni baba, na anayempakia ni mama na watoto. Baba akipata mteja, punda anauzwa mnadani kama mbuzi, bila mtu kuuliza kesho maji yataletwa na nani. Mpango wa usafiri unaozungumzia usawa wa kijinsia ungeanza kwa kuuliza swali dogo la namna hiyo: chombo ni cha nani, na anayekiendesha ana sauti gani siku kinapouzwa? Tunaliuliza kwa bodaboda na bajaji. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri imegawanywa wazi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vinaombea bajaji. Kikundi cha akinamama kikija na andiko la kununua punda na mkokoteni, sidhani ofisa atakataa, ila naona akitabasamu kwanza.

Haya, tuingie jikoni.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa miaka 10. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 6.9 tu. Siku chache baadaye alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa kimataifa wa jambo hilohilo, na zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Takwimu ambazo Serikali yenyewe huzinukuu zinasema watu wapatao 33,000 hufa kila mwaka nchini kutokana na moshi wa majumbani. Ukitaka kuuelewa moshi huo, ingia kwenye tembe wakati wa kupika ugali. Paa la udongo liko bapa na chini, mlango mfupi, dirisha tundu la ngumi au hakuna. Moshi hauna pa kwenda. Mpishi anainama, anasonga, anageuza uso pembeni apumue, anarudi kusonga. Na mtoto yuko mgongoni.

Kwa hiyo mkakati huo naukubali, na naukubali kwa moyo. Kwa miaka mingi jiko lilihesabiwa mambo ya wanawake na nishati ikahesabiwa mambo ya mabwawa na mitambo. Leo jiko limepanda hadi meza ya Rais. Ila hebu tuufuate mtungi wa gesi mpaka kijijini tuone kinachotokea.

Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, mitungi ya kilo 6 pamoja na kichomeo chake imekuwa ikiuzwa wilayani kwa ruzuku ya nusu bei. Watu wamepanga foleni na wamenunua. Gesi ikiisha, ndipo usafiri unapojitokeza. Duka la gesi liko mjini au kwenye senta kubwa. Kujaza hakuna ruzuku, ni zaidi ya shilingi elfu ishirini kwa mkupuo, na juu yake kuna bodaboda ya kwenda na kurudi, au siku nzima ya kusubiri gari la mnada. Mkaa unauzwa kwa kopo, hata la shilingi elfu moja. Kuni zinadai miguu tu. Mwanamke anayeuza mchicha na nyanya anashika elfu mbili leo na elfu tatu kesho, na elfu ishirini za pamoja hazishiki mpaka msimu wa kuuza ufuta au alizeti, nazo msimu huo zinaingia mfukoni kwa baba. Ndiyo maana utaingia nyumba ukaukuta mtungi umefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma, umesimama kona ya sebule, unang'aa. Umekuwa pambo.

Kosa haliko kwa mama, wala kwa gesi. Mtungi uligawiwa kama suala la nishati, na kurudi kwake dukani hakukuwa jukumu la mtu yeyote. Kama sehemu ya ruzuku ile ingekwenda kwa wakala wa kijiji, mwenye duka la sukari na sabuni, apate mtaji wa kuweka mitungi 20 iliyojaa na gari limpitie kila wiki mbili, tungekuwa na hadithi nyingine. Soda imefika kila kijiji cha Tanzania bila mkakati wa taifa.

Njia nyingine ni umeme, na hapa tuna haki ya kujisifu. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na gridi au vyanzo vingine. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Kijijini kuunganishiwa ni shilingi 27,000, na nyumba isiyo na waya ndani kuna kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachokuepusha na gharama ya kuvuta waya nyumba nzima. Kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo viko 64,359. Msikilizaji wa kijijini anaijua tofauti hiyo vizuri. Kijiji kinaweza kuhesabiwa kina umeme kwa sababu nguzo zimefika ofisi ya mtendaji, shule na senta, huku wewe kitongojini kwako unawaona wenzio wanawasha taa ng'ambo ya mbuga.

Tuseme umeme umekufika. Utapikia? Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Bei ya mtumiaji mdogo ni shilingi 100 kwa uniti, hadi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Hapo weka maharage, weka ugali, weka chai ya asubuhi na maji ya kuoga ya mtoto, kisha rudisha taa, redio unayonisikilizia, simu na pasi ya sare za shule. Ukivuka 75, uniti inaruka hadi zaidi ya mara tatu ya bei ile. Mwanamke yeyote mwenye kubana matumizi atatumia umeme kwa taa na atarudi kwenye mafiga kwa maharage, tena atakuwa amepiga hesabu sahihi kuliko sisi. Bei ile iliwekwa kwa nia njema, kumlinda mnyonge. Ilimlinda akiwa anawasha taa. Tukitaka apike, kikomo hicho kinatakiwa kikae mezani tena, na mezani wakae watu wanaopika.

Kuna jambo jingine ambalo wabunge wetu wanalisema kila mwaka hapa hapa Dodoma. Umeme wa njia moja na umeme wa njia tatu. Vijiji vingi vimevutiwa njia moja. Unawasha taa, televisheni, hata friji ya juisi. Mashine ya kusaga ya kueleweka inataka njia tatu. Bila hiyo, mwenye mashine anabaki na injini ya dizeli, bei ya kusaga inapanda na dizeli, na injini ikiharibika kijiji kizima kinabeba madebe kwenda kijiji cha jirani. Njia moja au tatu, kwa mhandisi ni suala la gharama ya kilomita. Kwa wanawake wa kijiji ni kama kuchagua mashine ikae wapi. Sikumbuki mkutano wa hadhara nilioushuhudia ambako uchaguzi huo uliwekwa mbele ya wanakijiji kwa maneno wanayoyaelewa: mnataka nguzo zifike nyumba nyingi zaidi kwa njia moja, au nyumba chache na mashine ya kusaga? Huenda wangechagua nyumba nyingi. Lakini wangekuwa wamechagua wao.

Sasa treni.

Tarehe 1 Agosti 2024, Rais alizindua rasmi hapa Dodoma safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000, na safari iliyokuwa inakula siku nzima kwenye basi sasa ni ya saa chache. Mjamzito anayekwenda Muhimbili na mzee mwenye mgongo mbovu wamepata nafuu ya kweli. Njia ile ina umeme mkubwa juu na mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, hivyo imezungushiwa uzio pande zote, na inatakiwa iwe hivyo. Ila uzio ukipita, unagawa nchi. Upande huu nyumba, upande ule shamba, kisima na kuni. Kuna vivuko, vya juu na vya chini. Kivuko kikikaa mbali na kijia cha zamani, mwenye pikipiki anaongeza dakika tatu, na mwenye dumu kichwani anaongeza nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Kwenye ramani ya mhandisi kijia cha kuni hakichorwi. Kipo kwenye kumbukumbu za wanawake wa kijiji, na wao ndio wangeweza kukichora kwa kijiti, mchangani, asubuhi moja.

Na stesheni je? Reli ya kati ya mita moja, waliyoianza Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, iliacha soko kila iliposimama. Saranda kuna kuku, vituo vingine vina karanga, ndizi, maji, mayai, na wauzaji wengi ni wanawake wakiwa wameinua sinia hadi usawa wa dirisha. Treni mpya haifungui dirisha, nayo haipaswi kulifungua. Treni ya zamani bado inapita kwenda bara, riziki haijakatika yote. Lakini reli mpya, SGR, ina stesheni Kidete, Gulwe, Igandu, na ikisonga mbele Bahi na Makutupora, na kila moja ina eneo la mbele. Meza, kivuli, bomba la maji, choo na kodi ndogo ya mama lishe vingepangwa siku ile ile jengo linapochorwa. Vikija baadaye vinakuja kwa mgambo na kwa kufukuzana.

Nchi hii ya kati imewahi kujengewa reli kwa ajili ya mzigo ambao haukuja. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta yao kulima karanga za kulisha viwanda vya mafuta Ulaya. Wakajenga tawi la reli kutoka Msagali kwenda Kongwa. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali wakati wa jua, mvua zikakataa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli ikang'olewa baadaye. Wagogo, wenye njaa zinazoitwa kwa majina, Mtunya ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikiwa mojawapo, waliijua mvua ya Kongwa; wangeulizwa, wangesema.

Turudi mjini, maana msije mkadhani haya ni ya vijijini tu.

Ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe uliochorwa na kampuni ya Kanada kutoka Toronto. Ni mpango wa kushangaza hata leo. Jiji lilichorwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu, mwenye baiskeli, na basi la abiria. Makazi yangeanzia kwenye kundi la nyumba kumi na kupanda, na huduma za kila siku zingekuwa umbali wa kutembea. Gari binafsi lilipewa nafasi ya nyuma. Neno jinsia halikuwa likitamkwa kwenye mipango miaka hiyo, lakini mwanamke mwenye mtoto mkononi na kikapu angelipata humo jiji lake.

Tunajua kilichofuata. Fedha hazikuja, Serikali nayo ikachelewa kuhama hadi ilipotangazwa upya Julai 2016, CDA ikavunjwa Mei 2017, na jiji likaanza kukua kwa kasi ya viwanja. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 ndani ya Jiji la Dodoma. Leo tuna barabara nzuri, na barabara ya mzunguko ya kilomita 112. Hizo ni za magari. Sasa mfuate mfagiaji wa ofisi anayekaa Nkuhungu na kazi yake iko Mtumba. Saa kumi na moja alfajiri anatoka, giza bado. Anamwacha mtoto kwa bibi mtaa mwingine, anapanda daladala mpaka mjini, anaunganisha nyingine. Jioni anapitia soko la Majengo, anarudi kwa bibi, ndipo anakwenda kwake. Mume wake anaenda kazini na kurudi, nauli mbili. Yeye, kwa nauli ya jijini iliyopangwa na mdhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, tangu Desemba 2023, shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, analipa upya kila anaposhuka na kupanda. Anatozwa zaidi kwa kuwa ana kazi zaidi. Tiketi moja inayodumu saa mbili ingempunguzia, na taa ya barabarani kati ya nyumba yake na kituo ingempunguzia hofu, ambayo nayo ni gharama ya usafiri.

Nimesema wanawake sana. Wako wengine ambao mpango huwa unawaweka kwenye sentensi ya mwisho, "pamoja na makundi maalum". Sensa hiyo ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Daladala zetu zina ngazi tatu za chuma na kondakta anayepiga bodi kabla mguu wa pili haujaingia.

Lakini nataka mfano wa kwetu zaidi. Wilaya ya Kongwa inajulikana kwa watafiti wa macho dunia nzima, kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa vikope. Kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho hadi linakufa. Wanawake wanapofuka kwa ugonjwa huu kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo, ambao ndio wenye maambukizi. Kinga yake mojawapo kubwa ni maji ya kunawa uso, na tumeshaona maji yanafikaje. Sasa huyo bibi aliyepofuka anasafiri vipi? Mmeshawaona. Fimbo ndefu, mtoto mbele ameshika ncha moja, bibi nyuma ameshika nyingine, wanakwenda kliniki, mnadani, kanisani, ofisi ya mtendaji. Chombo chake cha usafiri ni mjukuu, na mara nyingi mjukuu huyo asubuhi hiyo alitakiwa awe darasani. Ungeandika kwenye jedwali la wizara gani, safari hiyo? Uchukuzi, Afya, Elimu, Maji? Kliniki ya macho inayokwenda kijijini, kama wanavyofanya watu wa Hospitali ya Mvumi kwa miaka mingi, imefuta safari nyingi za namna hiyo kuliko kilomita nyingi za lami.

Na si kweli kwamba hatuwezi. Aprili 2022, hapa Dodoma, ulizinduliwa kitaifa mfumo wa m-mama, ambao ulikuwa umeanzia kanda ya ziwa. Mjamzito au mzazi akipata dharura, anapigiwa 115, bure. Kituo cha mkoa kinaangalia gari la wagonjwa liko wapi. Kama halipo karibu, kinampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo, mwenye gari lake, aliyesajiliwa na kufundishwa, naye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha. Hakuna aliyesubiri kila zahanati ipate gari la wagonjwa. Walianza na mwanamke aliyelala chini saa nane usiku, wakarudi nyuma wakiuliza: nani ana gari, nani ana simu, nani atamlipa mafuta? Mpango umetengenezwa kuanzia mwisho wa njia kurudi mwanzoni. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016 hadi 104 katika ule wa 2022, kwa sababu nyingi, na kuwafikisha watu kwa wakati ni mojawapo. Mtungi wa gesi, kivuko cha reli na mashine ya kusaga vingeweza kupangwa kwa namna ileile.

Mtaniuliza, huyo mwanamke atasemea wapi? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, na mkutano mkuu wa kijiji uko wazi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, akiwemo bibi mwenye fimbo. Huko ndiko vipaumbele vinakoanzia kabla havijapanda kwenye kata na wilaya. Mlango upo. Angalieni tu mkutano unaitishwa saa ngapi. Saa nne asubuhi, wakati punda yuko korongoni na madebe yako njiani, wanaokaa chini ya mbuyu ni wanaume na wajumbe wachache. Mkitaka barabara ipendekezwe, itapendekezwa. Kivuko na mashine havitatajwa, kwa sababu wenye kuvihitaji hawajafika. Saa kumi jioni, baada ya maji, siku isiyo ya mnada, wanafika. Kuibadili saa hiyo ni kazi ya mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake, na hawahitaji kibali cha Mtumba.